Kigari cha kukimbilia: mnaocheka, mnacheka nini?

Jamani wadau, kuna kicheko kimoja kimenichosha. Ni kile kinachoanza pale mtu anapotokea barabara ya Bigwa saa 12 na nusu asubuhi, anasukuma kigari cha magurudumu matatu, mtoto ndani, naye anakimbia. Vijana wa bodaboda wanageuka wote kwa pamoja. Mmoja anapiga mluzi. Mwingine anauliza kama mgongo umepelekwa mnadani. Mama mtu mzima anayekwenda sokoni anasema, tena kwa huruma kabisa, "Mwanangu, mbeleko huna?" Ikifika jioni stori imeshahamia kwenye simu zetu sisi tuliosoma, na sisi tuliosoma tunaifunga kwa neno moja: uzungu.

Nasema hivi: wengi wetu tunacheka kitu tusichokijua, na wale wachache wasiocheka wananunua kitu wasichokijua. Makundi yote mawili leo nina maneno nayo.

Tuanze na mbeleko, maana ndiyo hoja kubwa ya wachekaji. Msinielewe vibaya, sina ugomvi na mbeleko. Imelea nchi hii. Mama anayeshuka kutoka milima ya Uluguru alfajiri, mkungu wa ndizi kichwani na mtoto mgongoni, hahitaji ushauri wa mtu aliyevaa raba. Kwenye kijia kile chembamba chenye mawe na utelezi hakuna kigari cha kiwanda chochote kitakachomfikisha sokoni. Lakini mbeleko ni chombo cha kutembelea. Kukimbia ni kitu kingine kabisa. Unapokimbia kuna sehemu ya kila hatua ambapo miguu yote miwili iko hewani, halafu unatua ardhini kwa nguvu inayofika mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Mtoto mchanga ana kichwa kizito na shingo changa. Mfunge mgongoni ukimbie naye kilomita 5, kichwa hicho kitarushwarushwa maelfu ya mara. Ukijikwaa, unaanguka naye. Hakuna bibi mwenye akili zake aliyewahi kufundisha mtu kukimbia mazoezi na mtoto mgongoni.

Kwa hiyo swali la yule mama, hata kama ameliuliza kwa upendo, si swali la mbeleko. Ukilivua nguo linabaki hivi: wewe mzazi wa mtoto mdogo, kukimbia unakutafutia nini?

Hapo ndipo penye ugomvi wangu. Hebu Jumapili moja amka mapema uangalie klabu za joging zinavyopita. Dar zimejaa, Temeke na Mbagala ndiyo usiseme, na Morogoro nazo zipo. Fulana za rangi moja, filimbi, bendera mbele, nyimbo za kuitikiana, gari la kufunga msafara nyuma. Ni kitu kizuri sana. Watu wanakimbia, wanachangiana kwenye misiba, wanapeana michongo ya kazi. Sasa hesabu mwenyewe: katika wale wanaopita, kina mama wenye mtoto wa chini ya miaka miwili ni wangapi? Kina baba wenye mtoto wa umri huohuo je? Huhitaji kuwa mtafiti. Baba Fulani kapata mtoto mwezi wa tatu, mwezi wa nne yuko kwenye msafara anaitikia wimbo. Mama Fulani alikuwa akikimbia naye bega kwa bega kabla ya ndoa (wengine walikutana hukohuko kwenye joging, teh teh), leo yuko nyumbani, na ataendelea kuwa nyumbani miaka miwili, mitatu. Mtoto wa pili akija, habari ya mbio imekwisha.

Na hatusemi kwamba kazuiwa. Hakuna aliyemzuia. Ni kwamba saa ileile ya kukimbia ndiyo saa ya mtoto kuamka, na mtu wa kumshika mtoto hayupo, kwa sababu mtu huyo yuko barabarani anapuliza filimbi.

Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, tukaambiwa kila Jumamosi ya pili ya mwezi iwe siku ya kutoka jasho ili kupambana na magonjwa yasiyoambukiza. Sukari na presha, kwa taarifa yenu, haviulizi kama unanyonyesha. Mbio nyingi za hisani tunazokimbia mijini nazo zimebeba jina la mtoto na mama. CRDB Marathon ilipoanza mwaka 2020 ilichangia matibabu ya watoto wenye matatizo ya moyo pale JKCI. Jambo jema, tena la kupongezwa. Lakini tunamchangia mtoto kwa kumkimbilia, wakati mama yake mwenyewe hana namna ya kukimbia.

Mtaniambia mbona Faith Kipyegon. Ni kweli, Faith alijifungua mwaka 2018, akarudi akachukua dhahabu ya mita 1,500 kule Tokyo mwaka 2021, akaichukua tena Paris mwaka 2024. Tulimshangilia wote, Mkenya lakini wetu. Ila bingwa wa dunia akienda mazoezini kuna mikono iliyobaki imemshika mtoto. Mbio ndiyo kazi yake, na kazi huandaliwa msaidizi. Muuguzi wa zamu anayeishi Bigwa, au mwalimu, au dada wa duka la dawa, mbio si kazi yake. Ni dakika 40 zake za siku. Nani atamwandalia msaidizi kwa dakika 40?

Na tukumbuke tuko wapi. Hii ni nchi ya Waluguru, ambako ukoo hufuata upande wa mama na ardhi nayo ikapita njia hiyohiyo. Mahali ambapo mama ndiye shina la ukoo, tunamcheka kwa kutoka nje na mtoto wake? Loh!

Turudi kwenye "uzungu". Hiki kigari tunachokiita cha kizungu hakikutoka kwenye maabara ya matajiri. Mwaka 1984, katika mji wa Yakima, jimbo la Washington, Marekani, mtu mmoja aitwaye Phil Baechler alikuwa akifanya kazi gazetini. Mwenzetu kabisa. Alikuwa na mtoto mdogo, alipenda kukimbia, na muda wa kufanya yote mawili hakuwa nao. Akachukua kigari cha kawaida, akakifunga magurudumu ya baiskeli, akatoka nacho barabarani. Basi. Kampuni ya Baby Jogger ilizaliwa hapo. Yakima yenyewe si New York, ni mji wa mashamba, wenyewe wanajivunia matufaa kama sisi tunavyojivunia ndizi na mananasi. Baba, baiskeli, na tatizo la muda. Ukiondoa matufaa, kipi hapo ambacho hakipo Morogoro?

Angalieni pia aliyekibuni. Ni baba. Kigari hiki kilianza maisha kikisukumwa na mwanamume, na hakuna aliyemwambia mgongo wake umeuzwa. Nimemaliza na wachekaji.

Sasa nyie wanunuzi. Siku hizi tangu treni ya SGR ianze safari za Dar na Moro mwezi wa sita mwaka 2024, mtu anakwenda Kariakoo asubuhi jioni amerudi, na mkononi ana kigari. Cha mtumba, kimeng'arishwa kwa mafuta, muuzaji kamwambia "hiki cha kukimbilia, dada, mashine ya Ulaya". Ukikiangalia kina magurudumu matatu. Ni hilo tu. Magurudumu yenyewe ni ya plastiki, madogo kama kopo la maziwa, la mbele linazunguka huku na huku kama la toroli la supamaketi. Hicho ni kigari cha kutembelea sakafu ya marumaru. Kukitoa mbio Bigwa ni kumweka mtoto rehani.

Sababu si ngumu. Gurudumu dogo linaingia kwenye shimo, gurudumu kubwa linapita juu yake. Gurudumu la mbele lililo huru kuzunguka, mwendo ukizidi linaanza kutikisika, halafu linakutana na jiwe, linageuka upande, linagoma. Kigari kinasimama ghafla, nyuma kinanyanyuka. Ndiyo maana kigari halisi cha kukimbilia gurudumu lake la mbele limefungwa lisizunguke, au lina kitasa cha kulifunga unapoanza kukimbia. Kugeuka unabonyeza mpini chini kidogo, mbele inanyanyuka, unageuza. Inachosha mikono wiki ya kwanza, baadaye unazoea. Muuzaji akikuambia "hili linazunguka vizuri sana, ona laini", mwambie hilo ndilo tatizo.

Tairi ziwe za upepo. Najua mtasema miiba, pancha. Sawa, lakini hapa ndipo sisi tuna bahati kuliko hao wa Ulaya. Vigari vingi vizuri vinatumia tairi za inchi 12 mbele na inchi 16 nyuma, na hizo ndizo saizi za baiskeli za watoto. Tyubu zipo. Fundi baiskeli yeyote wa mtaani ana solusheni, ana kiraka, ana pampu. Kwa hiyo kabla hujalipa, soma namba ubavuni mwa tairi, kisha mpigie fundi wako simu umuulize kama anayo. Kigari chenye saizi ya ajabu, hata kiwe na jina kubwa namna gani, pancha ya kwanza kitakuwa kabati la nguo.

Halafu mteremko. Bigwa iko chini ya mlima, ukitoka barabara kubwa kuelekea makazi ya juu unapanda, ukirudi unashuka. Chukua mteremko wa kawaida tu, unaoshuka mita 1 kwa kila mita 10. Kigari kikikuponyoka hapo, baada ya mita 20 kinakuwa na mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa. Huo ni mwendo wa baiskeli, na anayeendesha ana umri wa mwaka 1. Kwa hiyo kamba ya kufunga mkononi si pambo. Ni kipande cha mkanda tu kinachounganisha mpini na kifundo cha mkono wako, na vigari vingi vya mtumba nimeviona kimekatwa au kimepotea. Kama hakipo, fundi wa viatu atakushonea kwa mkanda wa begi imara, lakini usianze mbio bila hicho. Breki ya mkononi, kama ya baiskeli, ni bora iwepo kwa sisi wa mlimani. Ile ya mguu ya kuegeshea haisaidii ukiwa kwenye mwendo.

Mtoto mwenyewe afungwe kwa mkanda wa ncha tano: mabega mawili, nyonga mbili, na katikati ya miguu. Mkanda wa tumboni peke yake hautoshi. Mtoto akitingishwa anateleza chini, anapita katikati yake. Na umri! Watengenezaji wengi wanasema miezi 6 kwa uchache, wengine 8, na muulize daktari kwanza. Kabla ya hapo shingo haijawa tayari, hata kama mtoto wako "amekomaa kuliko wenzake", kama kila mzazi anavyosema. Kabla ya umri huo tembea naye. Kutembea haraka kupanda Bigwa ni mazoezi tosha, atakayebisha aje ajaribu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo muuzaji wa Kariakoo hatakuambia kwa sababu huenda hata yeye halijui. Februari 2018, tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa za walaji, CPSC, ilifungua shauri dhidi ya kampuni ya Britax kuhusu vigari vya BOB, jina kubwa kuliko yote katika biashara hii. Tume ilisema gurudumu la mbele lililofungwa kwa mkono wa kukaza bila spana linaweza kuchomoka mtu akiwa kwenye mwendo, na kwamba ilikuwa imepokea taarifa za matukio yapatayo 200, watoto na wazazi wakiumia. Vigari vyenyewe vilikuwa karibu nusu milioni, vilivyotengenezwa kabla ya Septemba 2015. Kampuni ilikataa. Ikasema kigari hakina kasoro, tatizo ni watu kutofunga gurudumu inavyotakiwa. Novemba mwaka huohuo wakamalizana bila vigari kurudishwa kiwandani. Kampuni ikakubali kutoa video ya kufundisha watu kufunga gurudumu na, kwa muda maalumu, kutoa vipuri au punguzo la bei.

Nani alikuwa na haki, someni wenyewe mwamue. Mimi nina swali jingine. Kigari cha mwaka 2013 leo kiko wapi? Kama hakijageuzwa chuma chakavu, kimo kwenye soko la mtumba mahali fulani duniani. Ile video mwenye kukitupa aliletewa. Anayekiokota hakuletewa. Nguo za ndani za mtumba serikali ilishatukataza miaka mingi, tukanung'unika, tukaelewa. Gurudumu linaloweza kuchomoka linapita.

Kwa hiyo mkaguzi ni wewe. Inua sehemu ya mbele, lishike gurudumu kwa mikono miwili, livute kwa nguvu kama unalitaka litoke. Likicheza hata kidogo, kaza uvute tena. Likicheza tena, mrudishie muuzaji kigari chake. Angalia fremu, mahali pa kukunjia hasa: kama kuna nyufa au kumechomelewa upya, ondoka. Tafuta lebo kwenye fremu. Cha Ulaya mara nyingi kimeandikwa EN 1888, ndicho kiwango chao cha vigari vya watoto, na kama jina na mwaka wa kutengenezwa vinasomeka, unaweza kutafuta kwenye simu hapohapo dukani kama kina historia mbaya. Muuzaji atanuna, mwache anune. Kipya cha BOB au Thule kinapita dola 400, kwa hiyo wengi wetu tutaishia mtumba, na si aibu. Aibu ni kukagua simu ya mtumba nusu saa nzima, betri, kioo, kamera, halafu kigari cha mtoto unakikagua kwa kuangalia rangi.

Mambo mengine mawili ya haraka. Usitupe khanga juu ya kigari ili kuzuia jua. Mwaka 2014 gazeti la Svenska Dagbladet la Sweden lilipima: ndani ya kigari kilichoachwa wazi juani ilikuwa nyuzijoto 22, kilipofunikwa kitambaa chepesi ikapanda hadi 34 ndani ya nusu saa, na 37 baada ya saa 1. Hiyo ni Sweden, wadau. Kimbia kabla jua halijakaa sawa. Na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa chini ya miaka 5 asifungwe sehemu moja zaidi ya saa 1 kwa mara moja, iwe ni kwenye kigari au, sikilizeni vizuri wachekaji, mgongoni mwa mlezi. Saa 1 inatosha. Mwenye kujiandaa na kilomita 42 atafute siku ya kumwacha mtoto kwa bibi.

Kuna watu watasema tatizo si kigari, tatizo ni barabara. Hapo wananigusa. Mabega ya barabara zetu ni membamba, na yakiwa mapana yamekaliwa na meza za nyanya, kokoto za mtu anayejenga, na pikipiki zilizoegeshwa. Masika udongo unashuka na maji kutoka mlimani, unabaki katikati ya njia. Ukifika njia panda ya kwenda Matombo na Kisaki unakutana na mabasi na malori yenye haraka zake. Ni kweli yote hayo. Lakini angalieni tunavyoitumia hoja hii. Mtu anasema kigari barabarani ni hatari kwa mtoto, halafu dakika kumi baadaye anapanda bodaboda, watu wazima wawili na mtoto kabanwa katikati, bila kofia, dereva anaongea na simu. Hiyo si hatari, hiyo ni usafiri! Tukitaka kusema hatari, tuseme zote. Kigari kipite upande wa kulia, kikitazamana na magari yanayokuja, alfajiri kiwe na kitambaa kinachong'aa, na kama njia haina bega, geuza urudie kipande kilekile chenye bega mara nne. Kuzungukazunguka hakujawahi kuua mkimbiaji.

Na kigari chenyewe si lazima kitoke ng'ambo milele. Pale Moshi, ndani ya KCMC, chuo cha TATCOT kilifundisha mafundi wa viti vya magurudumu kwa kushirikiana na shirika la Motivation la Uingereza, na moja ya kazi za Motivation ni kiti cha magurudumu matatu kwa ajili ya njia mbovu: mawili makubwa nyuma, moja mbele limesogezwa mbali ili kiti kisipinduke kikikutana na jiwe. Ni hesabu ileile ya kigari cha kukimbilia. Maarifa yapo nchini, safari ya basi tu kutoka hapa. Bigwa penyewe kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Vyuo vya aina hiyo, kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, vimewapokea mabinti walioacha shule kwa sababu ya ujauzito, wengine wakiwa na watoto wao. Novemba 2021 serikali nayo ikafungua tena milango ya shule kwa wasichana waliojifungua. Yaani darasani tumekubali mama aje na maisha yake yote. Barabarani ndiyo bado tunapiga mluzi. Sisemi fundi yeyote aamke kesho achomelee mabomba amweke mtoto ndani, hapana, ni kazi ya vipimo na majaribio. Nasema ni kazi ambayo watu wetu wanaiweza, kama kuna atakayeiagiza.

Nani ataiagiza? Au kwa sasa, nani atanunua hicho cha mtumba kilichokaguliwa? Mshahara wa mtu mmoja mwenye mtoto mchanga una kazi nyingine. Ila klabu ya joging kila mwaka inachanga fulana mpya, tena zikiwa zile za mwaka jana bado nzima. Inachanga spika, inachanga basi la kwenda bonanza Dodoma. Mwaka mmoja tu, wakimbieni na fulana za zamani. Nunueni vigari viwili vya klabu. Mzazi anayekihitaji anakichukua, anakirudisha, kama tunavyoazimana masufuria ya shughuli. Msafara nao upunguze mwendo kilomita ya kwanza ili mwenye kigari asiachwe nyuma peke yake na magari.

Na wa kusukuma asiwe mama siku zote. Wiki hii Baba Fulani asukume, mama akimbie mikono mitupu, aitikie wimbo aliouanzisha yeye kabla ya ndoa. Wiki ijayo wabadilishane. Mwanamume wa kwanza kupita Bigwa na kigari atachekwa kuliko mwanamke yeyote, najua, na ndiyo maana nataka awe mwenyekiti wa klabu.

Kuhusu vigari vikae wapi: si kwa mwenyekiti. Vikae kwa mwanachama aliye karibu na barabara, awe na pampu, na daftari la kuandika nani amechukua na saa ngapi. Tyubu mbili za akiba, inchi 12 na 16, zinunuliwe siku hiyohiyo.